Mfungua Boma wa Akiru

Juma lililopita nilipita sokoni Lodwar, pale wanapokaa akina mama wanaouza matunda ya kutoka Kitale. Nanasi moja lilikuwa limeoza ubavuni, linatoa maji, nzi wamelizunguka. Harufu yake ilinisimamisha juani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Muuzaji alidhani nataka kununua. "Chukua, mama, hilo ni tamu mpaka ndani," akaniambia. Nikamjibu kwamba najua. Nikalinunua, ingawa sikulihitaji, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mdomo wa dada yangu Akiru mwaka ule alipokaribia kufa, na ni majuzi tu tumemzika.

Mimi sikusoma sana. Shule niliachia darasa la saba, na haya machache ninayoyajua kuhusu mwili wa binadamu niliyapata kwa kuishi na Akiru. Ninawaandikia wa rika langu, nyinyi mliokuwa watoto Kakuma wakati mahema ya kambi ya wakimbizi yalikuwa bado mapya, na malori ya Lokichoggio yakipita yanatumwagia vumbi, nasi tukiyakimbilia kana kwamba kila dereva amebeba biskuti. Nikikosea mahali, mtanisahihisha.

Mama alikuwa na hoteli ya chai kando ya barabara hiyo. Ilikuwa nguzo za miti na makuti ya mkoma, benchi, jiko la makaa, na sufuria kubwa nyeusi isiyopoa. Baba alikuwa na mifugo upande wa Lopur. Tulimwona mvua ikinyesha, na kuna miaka ilinyesha na hatukumwona. Kwa hiyo mwanamume wa kutoa neno nyumbani kwetu alikuwa kaka yake, ambaye sisi tulimwita Baba mkubwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuachana na kigoda chake kidogo cha kukalia. Kwenye kigoda hicho kilining'inia kipembe cha tumbaku kwa kamba ya ngozi. Akitaka kuhukumu jambo aliketi, akafungua kipembe, akanusa, akapiga chafya, ndipo akasema. Hatukuwahi kumwona akisema kwanza na kupiga chafya baadaye.

Akiru alikuwa ananitangulia. Yeye alikuwa ameanza kuwa msichana, mimi meno ya mbele yalikuwa hayajarudi. Alikuwa na mdomo mwepesi kuliko wa Mama, na wateja walikuja wakati mwingine kumsikiliza tu. Kisha, msimu mmoja wa kiangazi, akaanza kunywa maji.

Nataka mnielewe hapa. Kila mtu Kakuma alikuwa anakunywa maji, akiyapata. Katika nchi yenye kiu, mtu mwenye kiu haonekani. Alikunywa kikombe, akanywa kingine, akainua mtungi na kunywea mdomoni. Mama alimkemea, "Wewe, tumbo lako limekuwa laga, mto mkavu wa mchanga? Maji yanapita tu mchangani!" Na ni kweli yalipita. Alikwenda vichakani kila saa. Akakonda, lakini nani hakuwa amekonda kiangazi kile? Mbuzi walikuwa wamekonda, punda walikuwa wamekonda, hata mwalimu wetu alikuwa amekonda. Mama alipoona anachoka alifanya kile ambacho kila mama wa kwetu angefanya. Alimpikia chai ya maziwa na kumwekea sukari mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga. "Kunywa, upate nguvu." Akiru alikunywa, na kesho yake alikuwa mwembamba zaidi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Tulilala ngozi moja, uso kwa uso, na pumzi yake ilinukia nanasi. Nanasi nililijua, kwani dereva mmoja aliwahi kumletea Mama kipande. Nikaamua kwamba Akiru ana nanasi lake amelificha mahali, anakwenda vichakani kulila peke yake, ndiyo maana haishi kwenda huko, na ndiyo maana ana kiu, kwa utamu. Wivu ulinishika. Asubuhi moja nikamfuata kwa kunyata, nikajificha nyuma ya mti wa miiba mpaka aondoke, nikaenda kuchunguza.

Hapakuwa na nanasi. Palikuwa na mchanga uliolowa, na juu yake sisimizi. Hawakuwa wachache. Walikuja kwa misafara kutoka kila upande, wanapanda migongoni mwa wenzao, kama wamesikia kuna chakula cha msaada kinagawiwa. Nilichuchumaa nikawatazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewamwagia sisimizi chai mara nyingi na nilijua wanavyofanya wakikuta sukari. Nikakimbia mpaka hotelini, pumzi juu.

"Mama! Akiru anakojoa asali!"

Hoteli nzima ilicheka. Dereva mmoja alisema, "Basi mlete hapa, tuache kununua sukari." Mama mwenyewe alijifunika uso kwa leso akicheka. Aliyekaa kimya alikuwa mteja mmoja, Mama Nyandeng, mama Mdinka wa Sudani kutoka kambini, mrefu kuliko Baba mkubwa, aliyependa kunywa turungi yake, chai isiyo na maziwa, taratibu kwenye kona. Aliweka kikombe chini.

"Wewe, mtoto. Iko wadudu pale kwa mkojo?"

"Wengi, mama."

"Na yeye anakunywa maji sana? Mdomo iko harufu?"

"Harufu ya nanasi."

Akamgeukia Mama. "Mama Akiru, wacha kucheka. Hii marad ta sukar, ugonjwa ya sukari. Ndugu yangu ilimwanza hivi hivi huko kwetu, na sisi tulicheka. Peleka yeye Lodwar leo. Kesho usingoje."

Baba mkubwa aliitwa. Aliketi, akanusa, akapiga chafya. "Kwanza tuchinje mbuzi," akasema. "Tusome matumbo, tujue ni nani amemfunga huyu mtoto."

"Soma, shemeji," Mama akamjibu, huku anafunga kitenge chake kiunoni. "Utatukuta njiani."

Lori lililotupeleka Lodwar lilikuwa linarudi tupu. Akiru alilala kwenye turubai, kichwa mapajani mwa Mama, anavuta pumzi ndefu ndefu kama mtu aliyekimbia, na yeye hata kutembea hakuweza. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Upepo ulipuliza, vumbi likaingia kila mahali, na katikati ya vumbi lile bado nilisikia nanasi. Sikuwa tena na wivu.

Sikumbuki vizuri siku za kwanza hospitalini. Nakumbuka chupa ya maji imetundikwa juu na mrija unaingia mkononi mwa Akiru. Nakumbuka Mama amekaa sakafuni, ameshika mguu mmoja wa Akiru kana kwamba bila kuushika ungeondoka. Na nakumbuka asubuhi Akiru alipofungua macho akatutazama, akamtazama Mama, akasema, "Mbona umeacha hoteli? Nani anauza chai?" Mama alilia kwa sauti, nami nikalia kwa kuwa Mama analia, na Akiru akamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kama kwao pia watu ni hivi.

Muuguzi wetu tulimwita Sista Nekesa. Alikuwa mtu wa Bungoma, mnene, mcheshi, anatembea na kitambaa cha kufutia jasho begani kwa sababu joto la Turkana lilikuwa bado linamshinda. Alianza kumweleza Mama ugonjwa kwa mfano wa ghala la mahindi, na Mama akawa anaitikia tu kwa adabu. Sista akanyamaza, akamtazama.

"Mama Akiru, wewe umewahi kuwa na ghala?"

"Hapana, Sista."

"Una nini?"

"Mbuzi."

"Haya, tutumie mbuzi. Jioni wakirudi kutoka malishoni wanaingia wapi?"

"Bomani."

"Nani anafungua?"

"Mlango ni miiba. Mtoto anauvuta pembeni."

"Na huyo mtoto asipokuwepo?"

Mama alifikiri. "Mbuzi watabaki nje wanalia. Na ndani watoto watalala njaa. Maziwa yako nje na njaa iko ndani."

Sista Nekesa alipiga makofi mpaka wagonjwa wakageuka. "Umemaliza! Hiyo ndiyo sukari." Akavuta kiti, akaketi karibu, na tangu hapo walizungumza kama watu wawili wanaojenga nyumba, huyu analeta mti, yule analeta kamba.

Chakula tunachokula, alisema, hugeuka sukari, na sukari huingia katika damu. Damu ni njia, sukari ni mbuzi walio njiani, na kila sehemu ya mwili ina boma lake linalongoja maziwa. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Hicho kikiona mbuzi wamejaa njiani humtuma mfungua boma, naye jina lake ni insulini. Anavuta miiba, mbuzi wanaingia, mwili unapata nguvu. Wanaozidi wanawekwa kwenye ini, liwe boma la akiba. Ukilala njaa, kongosho hutuma mjumbe mwingine aliambie ini liachie mbuzi kidogo. Ndiyo maana kwa mtu mzima wa afya njia haijai sana wala haiwi tupu. Hata asipofikiria, kazi inafanyika.

"Na kwa Akiru?" Mama akauliza.

"Kwa Akiru kongosho limeacha kumtoa mfungua boma. Si kosa lako, si kosa lake, hakuna aliyemroga. Mbuzi wamejaa njiani mpaka figo zinawatupa nje kwa mkojo. Na wakitoka wanatoka na maji, ndiyo hiyo kiu. Ndiyo hao sisimizi wa huyu mdogo." Akanigusa shavu, nikavimba kwa fahari. "Huko mabomani njaa inauma. Basi mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Ni kama mtu amekosa kuni akachoma nguzo za nyumba. Ile harufu ya nanasi ni moshi wa nguzo."

 Halafu Mama akauliza swali ambalo mimi mpaka leo nalisimulia. "Na huyo mfungua boma, Sista, akiwa na bidii kupita kiasi? Akiwaingiza wote?"

"Hapo kuna hatari nyingine," Sista alisema, na safari hii hakucheka. "Njia inabaki tupu. Na kichwa, mama, hakina boma wala akiba. Kichwa hukamua mbuzi wa njiani tu. Njia ikiwa tupu, mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anasema maneno ya ajabu, anaanguka. Hapo mpe sukari haraka, ya kwanza utakayoiona. Usingoje kuuliza mtu."

Akatuonyesha kichupa cha dawa. Kilikuwa kidogo, kina kifuniko cha mpira, na ndani kuna maji meupe kama maji ya mchele. "Mfungua boma wake atakuwa anatoka humu, kwa sindano, asubuhi na jioni. Lakini joto likimpiga sana, anakufa."

Nyinyi mngekuwa na umri wangu mngeelewaje? Mimi nilielewa kwamba ndani ya kichupa kuna mtu. Mtu mdogo sana, mchungaji, ana fimbo kama ya Baba mkubwa, na anaogopa joto.

Tatizo likawa ni joto hilo. Sista alitaka Akiru abaki Lodwar, akae kwa watawa karibu na hospitali, kwa sababu pale palikuwa na friji. "Kakuma dawa itaoza, na mtoto atakufa," alisema waziwazi. Mama alimjibu kwa heshima, macho chini, lakini alijibu. "Sista, mtoto wangu si dawa ya kuwekwa karibu na friji. Nionyeshe namna nyingine."

Sista alipangusa jasho, akafikiri. Kisha akatoka, akarudi na chungu cha udongo. Wakakaa nacho barazani, wao wawili, Mama akieleza jinsi maji yanavyobaki baridi chini ya mchanga wa laga hata jua likichoma juu, Sista akieleza ni baridi kiasi gani inatosha. Mwishowe wakakubaliana. Chungu kidogo kitaingia ndani ya karai la mchanga, mchanga utamwagiwa maji kutwa, kichupa kitafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kulala ndani, kitambaa kilicholowa juu. Na Sista akatupa chupa ya dawa nyingine, ya buluu kama anga la asubuhi, pamoja na mrija wa kioo. Unaweka dawa ya buluu mrijani, unadondosha mkojo, unachemsha juu ya makaa. Ikibaki buluu au ikiwa kijani kidogo, mfungua boma yu hai na anafanya kazi. Ikigeuka nyekundu kama tofali, mbuzi wako nje.

"Mtarudi mwezi ukiisha," Sista alisema. "Nikichemsha mbele yangu nikaona tofali, Akiru anabaki hapa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Mama akasema. Akiru, aliyekuwa anasikiliza kutoka kitandani, akasema, "Nikibaki hapa nitawasumbua hao watawa mpaka waniombee nirudi kwetu." Lakini nilimwona akigeukia ukuta.

Tuliporudi Kakuma, habari zilikuwa zimetangulia. Na kwetu, mkijua desturi, mgonjwa akitoka hospitalini haendewi mikono mitupu. Walikuja majirani, wakaja ndugu wa Baba kutoka Lopur, wakaja wanawake wa kanisa, na kila mmoja chini ya kwapa alikuwa na pakiti ya sukari. Wengine na majani ya chai, lakini sukari kila mmoja. Walizipanga mezani. Mama alisimama mbele ya ule mlima mweupe, akasema hawezi kuipokea, ni ugonjwa wa sukari, sukari haitakiwi katika nyumba hii. Watu walitazamana. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba mama Akiru ameanza maringo ya hospitali. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Baba mkubwa. Yake ilikuwa pakiti kubwa, na alirudishiwa mbele ya watu. Aliiweka kwapani, akachukua kigoda chake, akaondoka bila kunusa wala kupiga chafya. Hiyo ilikuwa mbaya sana.

Basi ikawa inajulikana Kakuma nzima. Sukari ni sumu ya Akiru. Watoto walitunga wimbo, "Akiru sukari, sisimizi wanamtaka!" Akiru akawajibu, "Heri mimi. Nyinyi hata nzi anawaruka." Wimbo ukafa siku hiyo hiyo.

Mimi kazi yangu ilikuwa mchanga. Kila nilipotoka shuleni niliumwagia maji, nikafunua kitambaa, nikainama mpaka ndani ya chungu, nikamsalimu yule mtu. "Ejok," nilimwambia, kama tunavyosalimia mtu mzima. Nilingoja kidogo, nisije nikawa namkatiza. Nilimweleza nje kuna joto gani na kwamba asitoke. Jioni tulizunguka jiko, Mama akichemsha mrija. Mara za mwanzo ulitoka rangi ya machungwa. Baadaye njano. Kisha kijani. Jioni moja Mama aliuinua mbele ya moto na ulikuwa buluu, buluu ile ile tuliyoimimina. Akiru aliunyakua, akazunguka nao nje akiwaonyesha mbuzi wa jirani.

Halafu ikaja ile asubuhi. Akiru alikuwa amechomwa sindano yake, ugali uko jikoni, lakini alisema twende kwanza lagani, kwa sababu kwenye kisima cha mchanga foleni hurefuka. "Tutakula tukirudi." Foleni ilikuwa imekwisha kurefuka. Tulikaa juani na mitungi yetu. Baada ya muda Akiru akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini, akanisukuma. Akaniita kwa jina la bibi yetu aliyekufa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi, na mikono yake ilikuwa inacheza kama ya mlevi. Nilidhani yule mtu wa chungu amekasirika nasi. Kisha magoti yake yakakunjika, akaanguka juu ya mtungi.

Wanaume wakambeba mbio mpaka hotelini. Watu wakajaa, Baba mkubwa akapenya katikati kwa fimbo.

"Nani amempa sukari?" alinguruma. "Imempanda kichwani! Mama Akiru, leta sindano! Mchome upesi!"

"Mchome! Mchome!" wakaitikia wote.

Mama alikimbia kwenye chungu, akatoka na kichupa mkono mmoja na sindano mkono mwingine. Ningependa kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyekumbuka, maana nilikuwepo Sista aliposema. Sikukumbuka chochote. Nilikuwa nalia. Ni Mama aliyesimama ghafla na kile kichupa mkononi, akanitazama.

"Amekula?"

"Bado."

Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Akiru. Kilirudi kimelowa. Akainama, akanusa mdomo wake, kama ng'ombe anavyomnusa ndama, akanusa tena.

"Hakuna nanasi," alisema. "Nguzo haziungui. Njia ndiyo iko tupu."

Akamkabidhi jirani kichupa, akalivuta kopo la sukari ya hoteli. Baba mkubwa akamshika mkono.

"Una wazimu? Hiyo ni sumu yake! Si wewe ulinirudishia sukari yangu mbele ya watu?"

"Nilikurudishia, shemeji. Leo naitaka."

"Atakufa."

"Akifa utasema ni mimi niliyemuua, na utakuwa na haki. Sasa niachie mkono."

 Lori lililosimama nje lilizima injini. Baba mkubwa aliachia. Mama alimlaza Akiru ubavu, akalowanisha sukari kwa maji, akaipaka kwa kidole ndani ya shavu na kwenye ufizi, akipapasa koo lake taratibu ili ameze. Akapaka tena. Watu walikuwa wanamtazama Mama kuliko mgonjwa. Naye midomo yake ilikuwa inatembea, na mimi niliyekuwa karibu nilisikia. Hakuwa anaomba. Alikuwa anaita mbuzi, ule mluzi mwororo wa jioni wa kuwaita warudi njiani.

Ulimi wa Akiru ulilamba mdomo. Ukalamba tena. Kope zikatikisika. Kidogo kidogo akafungua macho, akatuona sote tumemzunguka, akakunja uso.

"Mbona mnanitazama kama ng'ombe wa kugawana?" akasema. "Na mtungi wangu ameuchukua nani?"

Sauti iliyopanda pale sijui niiite nini. Wanawake walipiga vigelegele, dereva akaenda kupiga honi ya lori, akaipiga na kuipiga. Mtu alinirusha juu. Mama hakupiga kelele. Alimsimamia Akiru akanywa maziwa, akala ugali mpaka wa mwisho, ndipo yeye mwenyewe akakaa chini.

Baba mkubwa aliweka kigoda chini, akaketi. Akanusa, akapiga chafya. Tulingoja hukumu.

"Hao mbuzi," alisema. "Nieleze tena, mama Akiru. Polepole."

Mama alimweleza kuanzia boma. Aliuliza maswali, na yalikuwa maswali ya mtu aliyechunga maisha yake yote. Mwishowe alikifungua kile kipembe chake, akamwaga tumbaku yote chini mbele ya watu, akakipuliza, akakinyoosha kwa Mama.

"Weka humu," alisema. "Pale ambapo mtoto huyu yuko nami, njia haitakuwa tupu."

Mwezi ulipoisha tulikwenda Lodwar. Sista Nekesa alichemsha mrija mwenyewe, mbele ya dirisha, nasi watatu tumeshikana mikono. Buluu. Akautikisa, akauchemsha tena kana kwamba una mzaha. Buluu. Alipomaliza kusikia habari za lagani na kopo la sukari, alimkumbatia Mama mpaka miguu yake ikaacha ardhi, akawaita wenzake waje wamwone mama aliyenusa. Kurudi, Akiru hakukubali kukaa. Alisimama kwenye lori, ameshika vyuma, kitambaa kichwani kikipepea, akiimba ule wimbo wa watoto, ila ameubadilisha: "Akiru sukari, Kakuma inamtaka!"

Sitawadanganya, sukari ilimpata mwishoni. Ilichukua vidole vya mguu, ikafifisha macho, na sasa majuzi figo. Lakini ilibidi ingoje. Ilingoja akiwa msichana mkubwa akicheza ngoma, ikangoja akiolewa, akizaa watoto wawili, akirithi hoteli ya Mama, akiwafundisha akina mama wa Kakuma na wa kambini, kwa Kiswahili chake na Kiarabu cha Juba cha kujitungia, habari za boma na mfungua boma. Ilingoja awazike wengi waliosema hatafikia mvua. Baba mkubwa alipokufa alimwachia yeye kile kipembe, na sukari ndani yake, imeshikamana kama jiwe, bado inanukia tumbaku.

Siku ya kumzika, Kakuma yote ilikuja. Na kila mmoja alikuja na nini? Nilisimama mlangoni nikapokea pakiti baada ya pakiti, nikazipanga mezani mpaka mlima ule ule mweupe ukasimama, na watu wakashangaa kuona naucheka huku machozi yananitoka. Safari hii sikurudisha hata moja. Tulipika chai, tukaikoroga mpaka kijiko kikawa kizito.

Kabla hawajafunga sanduku nilikifungua kipembe, nikakijaza sukari mpya, nikakiweka chini ya kiganja chake. Mchungaji wa kanisa aliniona, akaendelea na sala yake. Safari ni ndefu, na mimi sijui kama huko anakokwenda kuna anayejua habari za mbuzi.